Kompyuta Imepona, Ila Haisemi

Fildi yangu ya mwaka wa tatu niliifanyia nyumbani, kati ya Handeni na Korogwe. Nilikuwa natafuta wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za manamba, wale walioletwa kwa mikataba kutoka mbali wakaishia kubaki Tanga. Nilifikia kwa mjomba wangu, Chanika, pale Handeni mjini. Asubuhi mimi na mdogo wangu wa kike tunapanda gari la Korogwe, tunashuka stendi, halafu bodaboda hadi Ngombezi au kokote alikosikika mzee. Kwa wiki tano nilirekodi wazee 14. Kila jioni nilitoa sauti kwenye simu nikaziweka kwenye laptopu, nikaandika dondoo, nikalala nimeridhika.

Mimi sioni. Kompyuta naijua kwa masikio na vidole. Kuna programu inaitwa kisomaskrini, inanisomea kila kilichoandikwa, nami naiendesha mashine kwa kibodi peke yake. Nayasema haya mapema kwa sababu wanachuo wenzangu huwa wananiuliza, "Sasa wewe laptopu unaitumiaje?" Leo sitaeleza naitumiaje. Nataka kueleza inakuwaje siku inapokufa, maana siku hiyo ndiyo niligundua kwamba nilichokuwa naita akiba hakikuwa akiba.

Ilikuwa wiki ya mwisho. Laptopu ilikuwa katikati ya kujisasisha, umeme ukakatika, na betri yangu ilikuwa ya kuombea dua. Asubuhi nikaiwasha. Feni nasikia inazunguka, ila sauti hakuna. Nikamwita mdogo wangu. "Kaka, imeandika maneno ya Kizungu kwenye rangi ya bluu, halafu inazimika, halafu inaandika tena." Tukapanda gari kwenda Korogwe kwa fundi.

Fundi alitupokea vizuri. Akamuuliza mdogo wangu, "Dada, huyu anataka nini?" Mdogo wangu akamjibu, "Muulize mwenyewe, kaka anasikia." Fundi akacheka, akaniambia nisiwe na wasiwasi, atapiga Windows mpya, dakika 40 tu. Nikauliza habari za mafaili. "Yatabaki, kaka." Hayakubaki.

Dakika 40 zikawa saa mbili. Nikakabidhiwa mashine: "Hii hapa, imepona." Nikabonyeza Ctrl, Alt na N kwa pamoja, njia yangu ya siku zote ya kuiamsha NVDA, kisomaskrini ninachotumia. Kimya. Nikabonyeza Ctrl, Windows na Enter, inayoamsha Narrator, kisomaskrini ambacho Windows huja nacho. Kimya. Mdogo wangu ananiambia skrini inawaka vizuri kabisa, imeng'aa. Kwa fundi, kompyuta imepona. Kwangu lilikuwa bati lenye joto.

Hasara nikaja kuihesabu baadaye. Sauti za wazee tisa zilikuwa bado ziko kwenye simu. Za wazee watano sikuwa nazo, kwa sababu simu ilijaa wiki ya pili nikazifuta baada ya kuzipeleka kwenye laptopu. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nawaomba mlitazame vizuri: mimi sikunakili, nilihamisha. Kitu kilichokuwa mahali pamoja kikaendelea kuwa mahali pamoja, ila sasa ni mahali pengine. Nakala ni pale kitu kinapokuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mjomba aliponisikiliza alisema tu, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Sikuwa na la kumjibu.

Sauti nayo ni programu

Mtu anayeona akiiwasha kompyuta iliyoharibika, bado ana skrini. Mashine inaweza kukosa Windows, kukosa draiva, kukosa kila kitu, lakini maandishi yatatokea: "diski haionekani", "bonyeza kitufe fulani". Skrini inafanya kazi tangu sekunde ya kwanza. Sauti haiko hivyo. Ili mimi nisikie neno moja, lazima ngazi kadhaa zipandwe kwanza, na ngazi moja ikivunjika nakuwa gizani.

Ngazi ya kwanza ni programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama, ile inayoamka kabla ya Windows. Watu wengi bado wanaiita BIOS. Hii haisemi. Ngazi ya pili ni Windows yenyewe. Ya tatu ni draiva ya sauti, yaani programu inayoifundisha Windows kuongea na kifaa cha sauti cha mashine ile. Ya nne ndiyo kisomaskrini. Fundi wangu aliishia ngazi ya pili. Hakuweka draiva ya sauti, kwa hiyo hata Narrator, ambayo ilikuwemo, ilikuwa inaongea bila mdomo. Simlaumu sana kwa hilo. Yeye alipima kompyuta kwa macho, na kwa macho ilikuwa nzima.

Kuna ngazi nyingine pembeni: ule ukurasa wa bluu wa ukarabati unaotokea Windows inaposhindwa kuwaka. Zamani huo ulikuwa bubu kabisa. Kwenye matoleo ya karibuni ya Windows 10 na kwenye Windows 11, ukibonyeza Ctrl, Windows na Enter ukiwa humo, Narrator inaweza kuanza kusoma. Nasema inaweza kwa sababu inategemea kama draiva ya sauti ya mashine yako inapatikana humo. Nyingine zinasema, nyingine hazisemi. Namna ya kujua ya kwako ni kujaribu leo mashine ikiwa nzima: shikilia Shift huku ukichagua kuwasha upya, subiri ifike kwenye ukurasa ule, bonyeza vitufe hivyo vitatu, usikilize. Ukisikia, umepata rafiki. Usiposikia, angalau umejua mapema, na umejulia mahali ambapo hakuna haraka. Lakini soma kwanza habari za ufunguo hapo chini kabla ya kujaribu.

NVDA yenyewe ina historia inayotuhusu. Alianza kuiandika mwaka 2006 kijana wa Australia aitwaye Michael Curran, asiyeona, kwa sababu visomaskrini vya wakati huo viliuzwa bei ambayo wengi wa wasioona wasingeiweza. Akaungana na James Teh, naye asiyeona, wakaunda taasisi ya NV Access. Hadi leo ni ya bure. Sauti ya eSpeak inayokuja nayo inasoma hata Kiswahili, kwa lafudhi yake ya kibatibati ambayo ukishaizoea hutaki nyingine. Na ina sifa moja ambayo siku ile ningekuwa nimeitumia ingeniokoa nusu ya shida: inaweza kukaa kwenye flashi na kufanya kazi bila kusakinishwa.

Nakala tatu, kazi tatu

Tukisema "kuweka nakala" tunachanganya vitu vitatu. Kila kimoja kinaokoa kitu chake na hakiokoi kingine.

Cha kwanza ni nakala ya mafaili: tasnifu, noti, sauti, picha. Hii inarudisha kazi yako, hairudishi kompyuta.

Cha pili ni picha ya mfumo mzima, yaani diski yote inavyosimama siku hiyo: Windows, draiva, programu, mipangilio na mafaili. Ukiirudisha, mashine inaamka kama ilivyokuwa siku ile, ikiwa na sauti yake. Kwa asiyeona hii ina thamani ya pekee, kwa sababu inairudisha ile ngazi ya tatu na ya nne bila mtu wa kukusomea.

Cha tatu ni nakala ya sauti: kisomaskrini chako na mipangilio yake kwenye flashi, pamoja na draiva ya sauti ya mashine yako. Mwenye macho hahitaji kitu cha aina hii. Sisi tunakihitaji kabla ya vingine vyote, maana bila hicho hutaweza kuvifikia hivyo viwili.

Windows ina vitu viwili vingine ambavyo watu huvidhania kuwa ni nakala. System Restore inarudisha mipangilio na draiva za siku za nyuma. Inafaa sasisho likikorofisha, lakini tasnifu uliyoifuta jana haitairudisha. Na ile Reset ya "baki na mafaili yangu" kweli huyaacha mafaili yako, ila inaondoa programu ulizoweka mwenyewe, NVDA ikiwemo. Mtu anayeona anaona orodha ya vilivyoondolewa. Asiyeona anaona kimya, na kama draiva ya sauti nayo imeyumba, anadhani kompyuta imekufa kumbe ipo.

Ninavyofanya sasa

Kanuni niliyoishika inaitwa 3-2-1, na aliyeieneza ni mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Kuwe na nakala tatu za kazi yako, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na hapo ulipo. Kwangu mimi: moja kwenye laptopu, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Mtandaoni peke yake hakutoshi. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, hitilafu ilipotokea kwenye nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Mwenye tasnifu mtandaoni tu alikaa kusubiri. Tena kuna gharama ya bando. Saa moja ya sauti ikirekodiwa kwa mfumo wa WAV wa ubora wa CD inakaribia megabaiti 635. Saa hiyo hiyo ikiwa MP3 ya kilobiti 64, ambayo kwa mahojiano inasikika vizuri tu, ni kama megabaiti 29. Wazee wangu 14, kila mmoja saa moja, ni megabaiti 400 na kidogo. Google Drive inatoa gigabaiti 15 bure. Hapo kisingizio hakuna.

Kunakili kwenye diski ya nje natumia amri iliyomo ndani ya Windows, inaitwa robocopy. Programu nyingi za kuweka nakala zina vitufe vya picha ambavyo kisomaskrini kinavisoma "kitufe, kitufe, kitufe". Amri ni maandishi matupu, na maandishi ndiyo chakula chetu. Nafungua dirisha la amri, naandika:

robocopy "C:\Users\jina\Documents" "E:\Nakala\Documents" /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Mahali pa "jina" weka jina la akaunti yako, na mahali pa E weka herufi ya diski yako. /E inachukua folda zote za ndani. /R:1 na /W:1 zinaiambia ikikwama kwenye faili moja ijaribu tena mara moja tu baada ya sekunde moja. Usipoziweka, yenyewe imepangiwa kujaribu mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara, na wewe utabaki unasikiliza feni. Ikimaliza, fungua ripoti.txt, nenda mwisho wa faili, sikiliza safu iliyoandikwa FAILED. Ikiwa ni sifuri, umelala salama. Onyo moja: kuna neno /MIR ambalo marafiki watakupendekezea. Hilo linafanya diski ya nje ifanane kabisa na laptopu, maana yake ulichofuta kwenye laptopu kitafutwa na huko. Mwenye kukosea kufuta kwa bahati mbaya halimfai.

Picha ya mfumo nayo naichukua kwa amri, mara moja kila mwanzo wa semista. Dirisha la amri lifunguliwe kwa ruhusa ya msimamizi:

wbadmin start backup -backupTarget:E: -include:C: -allCritical -quiet

Diski ya nje iwe na nafasi ya kutosha na iwe imefomatiwa kwa NTFS. Itatengenezwa folda iitwayo WindowsImageBackup. Usiibadilishe jina wala usiiweke ndani ya folda nyingine, kwa sababu siku ya kurudisha, ukurasa wa ukarabati unaitafuta kwa jina hilo na mahali hapo hapo. Jambo la kukumbuka: ukiirudisha picha hiyo, kila ulichokifanya baada ya siku ile kinaondoka kwenye diski. Kwa hiyo mafaili ya karibuni yawe yameshanakiliwa pembeni kwanza.

Nakala ya sauti inachukua kama dakika kumi. Chomeka flashi. Bonyeza kitufe cha NVDA na herufi N, ingia Tools, chagua Create portable copy, elekeza kwenye folda ya nvda ndani ya flashi, na uweke alama kwenye kisanduku cha kubeba mipangilio yako. Kisha, tena kwa ruhusa ya msimamizi, andika mkdir E:\Draiva kutengeneza folda, halafu:

pnputil /export-driver * E:\Draiva

Hiyo inatoa nakala ya draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine yako, ya sauti ikiwemo. Siku ukipigiwa Windows mpya, anayekusaidia ataandika amri hii moja:

pnputil /add-driver E:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Halafu wewe mwenyewe, bila kusikia chochote, unabonyeza Windows na R, unaandika E:\nvda\nvda.exe, unapiga Enter. Ikikataa, jaribu D, kisha F, maana herufi ya flashi hubadilika. Kukiwa na sauti utasikia mlio wa NVDA ukipanda. Mara ya kwanza nilipoufanya huu mchezo kwenye mashine ya mwenzangu, nilipiga makofi peke yangu.

Na kama hutaki habari za draiva, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB, ile ya kuchomeka earphone. Windows nyingi zinaitambua bila kuongezewa kitu. Ninayo kwenye mkoba muda wote.

Habari za ufunguo

Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri zenyewe tangu siku ya kwanza. Ni jambo zuri mashine ikiibiwa. Lakini ukurasa wa ukarabati unaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao mafaili yako yatabaki humo humo kama mahindi kwenye ghala lililopotezewa ufunguo. Kuupata wakati mashine ni nzima, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi uandike:

manage-bde -protectors -get C:

Ukitokea ufunguo, ni makundi manane ya tarakimu sita sita. Kuuweka kwenye laptopu ile ile ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Mimi nimeuandika kwa nukta nundu, kwa sleti, karatasi moja ngumu, inakaa Handeni kwenye sanduku la mjomba. Mwizi wa hosteli akiiona hataijua ni nini.

Jambo la karibu na hilo: mahojiano si mali yako peke yako. Wazee walinieleza habari za mishahara, magonjwa, ndoa zao. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria ni adabu tu. Kabla ya kupandisha mtandaoni nayafunga kwa 7-Zip yenye nenosiri. Programu hiyo ni ya bure na NVDA inaisoma vizuri.

Ukiwa mbele ya fundi

Mashine ikifa, la kwanza ni kutofanya chochote kwa haraka. Kila kinachoandikwa juu ya diski baada ya hapo kinaweza kufunika ulichopoteza. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, mara nyingi mafaili yaliyofutwa huweza kuokotwa. Kwenye SSD ni bahati nasibu, kwa sababu mfumo huiambia diski isafishe kabisa nafasi iliyoachwa. Yangu ilikuwa SSD. Mwenzangu wa kompyuta sayansi alihangaika nayo siku mbili, akapata picha za mandhari za Windows.

La pili, tafuta macho ya kuazima. Simu yako ya Android yenye TalkBack inaweza kufungua Be My Eyes, huduma iliyoanzia Denmark mwaka 2015, ambako mtu wa kujitolea anaona kupitia kamera yako na kukusomea. Ukurasa wa BIOS, ambao hausemi, unasomeka hivyo. Mdogo wangu angekuwa shuleni siku ile, ningehitaji hiyo.

La tatu, ongea na fundi kwa maneno mahususi. "Tengeneza" ni neno pana mno. Sasa nina karatasi iliyochapwa, namkabidhi kabla hajafungua mkoba. Imeandikwa hivi: Usifomati kabla mimi sijakubali. Kwanza toa diski au iwashe kwa flashi, nakili folda ya Users kwenye diski yangu ya nje, kisha nionyeshe kwa sauti ya kompyuta yako au umsomee niliyekuja naye majina ya mafaili. Ukimaliza kuweka Windows, weka draiva ya sauti kutoka kwenye flashi hii. Kazi imekwisha nikisikia sauti mwenyewe. Malipo ni baada ya hapo.

Mistari hiyo ya mwisho imebadilisha mambo kuliko amri zote nilizowaandikia. Fundi wa pili niliyempa karatasi hiyo aliisoma, akaniuliza mimi, si niliyekuja naye, "Sauti gani unataka ianze, hii ya Narrator au ya kwako?"

Ninachoomba kwa serikali ya wanafunzi

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010. Haya ni makubwa na mazuri. Mimi naomba madogo. Maabara ya kompyuta iwe na NVDA angalau kwenye mashine mbili, na anayepiga Windows upya ajue kuirudisha. Ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu iwe na diski moja ya nje ya kuazima kila semista, kwa ajili ya picha za mfumo. Na kila mwanzo wa mwaka tuwe na jioni moja ya kujaribu kurudisha nakala, wanaoona na wasioona pamoja. Nasisitiza kurudisha. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa na flashi. Nakala ambayo hujawahi kuifungua inaweza kuwa imeoza miezi mingi iliyopita na wewe unaibeba tu mkobani.

Mimi kila Jumapili jioni nachagua faili moja kwenye diski ya nje, lolote, nalifungua, nalisikiliza dakika moja. Hiyo tu.

Wale wazee watano niliowapoteza, watatu nilirudi kwao Korogwe nikawarekodi upya. Walinicheka, wakanisimulia tena, na hadithi zilitoka tofauti kidogo, jambo ambalo msimamizi wangu alilipenda. Wa nne alikuwa ameshahamia kwa binti yake Dodoma, tukazungumza kwa simu. Wa tano alifariki wakati wa masika, kabla sijarudi.

Kwake ninacho kitu kimoja. Siku ile ya mahojiano laptopu ilikuwa haina chaji, kwa hiyo dondoo zake niliziandika kwa nukta nundu, karatasi moja na nusu. Namba aliyopewa alipofika shambani ipo. Jina la meli aliyokuja nayo halipo, kwa sababu nilijua liko kwenye sauti.